Mashine Ndiyo Ijifunze, si Mwananchi!

Ndugu msomaji, ukimsikia kigogo akisema kompyuta haijui lugha za wananchi, mwulize: kwani ilizaliwa ikijua Kiingereza? Ilifundishwa!

Tazama India. Katiba yao inaorodhesha lugha 22, nyingi zikiwa na herufi zake zenyewe. Wenye kasumba wangesema haiwezekani. Wahandisi wa Kanpur hawakuwasikiliza. Katika miaka ya 1980 walibuni GIST, mfumo ulioiwezesha kompyuta ya kawaida kuandika herufi za Kihindi. Kituo cha C-DAC, kilichoanzishwa mwaka 1988, kikauendeleza.

Waligundua nini? Kwamba maandishi mengi ya India ni ya ukoo mmoja. Kwa hiyo katika kibodi ya InScript ya mwaka 1986, kitufe cha "ka" ya Kihindi ndicho hicho hicho cha "ka" ya Kibengali na ya Kitamil. Mwaka 1991 mpangilio wa herufi hizo, ISCII, ukawa kiwango cha taifa. Hata Unicode ya dunia nzima ilifuata ISCII ilipopanga herufi za India. Mzungu alijifunza kwa Mhindi!

Lakini tusidanganyane. Mwaka 2001, Bangalore walitoa Simputer, kompyuta ya mkononi ya bei nafuu inayotumia betri na kusoma maandishi kwa sauti, ili hata asiyejua kusoma asikie. Ilisifiwa sana. Ikanunuliwa na wachache. Kwa nini? Kwa maoni yetu, ofisi isiyotaka kuzungumza na mlalahoi kwa lugha yake haina haja ya mashine inayoweza kufanya hivyo. Mpaka leo kesi katika Mahakama ya Juu ya India huendeshwa kwa Kiingereza. Fundi amemaliza kazi, mkubwa amekalia mhuri!

Na sisi je? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Wewe msomaji, umeiona katika ofisi gani ya serikali?

Basi siku ukiwekwa mbele ya kompyuta yenye fomu ya Kiingereza, usione haya. Dai ya Kiswahili. Kodi iliyonunua mashine hiyo ni yako. Mwacha asili ni mtumwa, na sisi utumwa tulishaukataa!