Mita 100 na Majina ya Miji

Mashabiki wa riadha wana tabia ambayo sisi wa kitivo cha lugha tungepaswa kuichunguza. Wakizungumzia mbio za mita 100, mara nyingi hutaja mji tu, na wenzao huelewa. Ukisema "Seoul", anayejua riadha hawazi Korea. Anamwona Ben Johnson akimaliza kwa sekunde 9.79 mwaka 1988, kisha akinyang'anywa medali siku tatu baadaye kwa sababu ya dawa zilizokatazwa. "Mexico" ni Jim Hines, sekunde 9.95 mwaka 1968, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200, ambako hewa nyepesi humsaidia mkimbiaji. Berlin imebeba mizigo miwili: Jesse Owens mbele ya utawala wa Hitler mwaka 1936, na Usain Bolt, 9.58, mwaka 2009, katika uwanja uleule.

Walimu wetu huiita taashira: jina la mahali kusimama badala ya tukio. Ninachokataa ni wazo kwamba jambo hili hutokea lenyewe.

Tarehe 18 Septemba 2021, Ferdinand Omanyala alikimbia 9.77 jijini Nairobi, rekodi ya Afrika, nyuma kidogo ya Mmarekani Trayvon Bromell aliyepata 9.76. Wote wawili walipita muda wa Johnson! Lakini nani akisikia "Nairobi" anawaza mbio hizo? Mtaniambia haikuwa Olimpiki. Kweli, na hakuna mji wa Afrika uliowahi kuandaa Olimpiki ya wakubwa. Ila pigano la Ali na Foreman mwaka 1974 nalo halikuwa Olimpiki, na jina la Kinshasa linalitaja hadi leo vinywani mwa watu wasioweza kuionyesha Kinshasa kwenye ramani. Waandishi na watengenezaji filamu walilisimulia tena na tena, hasa kwa Kiingereza. Maana ya mji wetu mkuu wametupangia wao.

Mbio za Omanyala zilifanyika katikati ya watu wanaosema lugha hii tunayoisomea, na katika kozi zetu sijakutana na hata ukurasa mmoja juu yake. Naomba basi zoezi moja la uandishi: tuzisimulie sekunde hizo kwa Kiswahili, kuanzia mlio wa bastola. Tutakwama mapema. Vile vyuma ambavyo mkimbiaji huvikanyaga na kuvisukuma anapoondoka, tutaviitaje?