Amplifaya ya Abti Ina Kilo Ngapi, na Inakula Betri Ngapi?

Kama umewahi kuhudhuria aroos pale Rhamu, hiyo amplifaya unaijua. Sanduku jeusi, zito, watu wawili ndio wanaibeba, na ukiweka mkono juu yake saa nne usiku utadhani ni jiko la chai. Abti, mjomba wangu, ameikodisha kwenye harusi tangu nikiwa mtoto. Juzi binamu yangu aliletewa kitu kingine kutoka Eastleigh: kiboksi kinachoingia kwenye mfuko wa koti. Klasi D. Abti alikiangalia, akacheka, akasema hicho ni cha watoto kuchezea.

Sasa familia imegawanyika. Pesa ya kununua vyombo vipya ni ya watu watatu, na mimi niliyeacha kozi ya umeme mwaka wa pili ndiye nimepigiwa simu niamue. Basi naamua hapa mbele yenu.

Kwanza tuelewane hizi amplifaya zinafanya nini. Ya Abti ni klasi AB. Transista zake zinafanya kazi kama bomba la maji lililofunguliwa nusu: umeme unapita, sehemu inaenda kwa spika, na nyingine inapotea kama joto. Ndiyo maana imejaa mabati ya kupoza. Klasi D haijui mambo ya nusu. Transista zake zinawaka na kuzima kabisa, mara laki kadhaa kwa sekunde, na urefu wa kila mwako ndio unaobeba sauti. Mwishoni koili na kapasita zinasafisha huo mchezo wa kuwasha na kuzima, spika inabaki na muziki. Na usidanganywe na muuzaji: D si ya "dijitali". Ni herufi tu iliyofuata baada ya A, B na C.

Si kitu cha jana pia. Kampuni ya Sinclair kule Uingereza iliuza amplifaya ya aina hii miaka ya 1960, na ilikuwa mbaya kweli kweli. Transista za wakati huo zilikuwa goigoi.

Sasa tuje nyumbani. Rhamu haiko kwenye gridi ya taifa, stima ya mjini inatoka kwa mitambo ya dizeli. Ukitoka kidogo kwenda bulla za pembeni, harusi ni jenereta au betri ya sola. Hapo ndipo hesabu inaanza kuuma.

Muziki haupigi kwa nguvu zote kila sekunde. Tuseme amplifaya ni ya wati 400, na kwa wastani spika zinapata wati 50. Kwa kiwango hicho klasi AB inageuza chini ya theluthi moja ya umeme kuwa sauti, kwa hivyo itavuta wati 180 hivi. Klasi D nzuri itavuta kama 65. Betri ya volti 12, Ah 100, ina watt-hour 1,200, lakini ukiipenda betri yako ya asidi utatumia nusu tu. Gawanya mwenyewe: amplifaya ya Abti inapiga saa tatu na kitu, tena kabla hujahesabu kile inveta inachokula. Nyingine inakaribia saa tisa. Aroos ya saa tatu umeiona wapi wewe?

Na hili joto letu! Chombo kinachojichoma chenyewe, ukakiweka mahali ambapo hata kivuli ni moto, kitadumu vipi?

"Lakini sauti," Abti anasema. Sauti ya zamani ina utamu, ina mwili. Nimemsikiza kwa heshima, na zamani alikuwa na haki. Klasi D za mwanzo sauti yake nyembamba ilibadilika kulingana na spika uliyounganisha. Kisha mainjinia kama Mbelgiji Bruno Putzeys wakatafuta njia ya amplifaya kujisikiliza na kujirekebisha mpaka kwenye koili ya mwisho, na leo klasi D bora zina upotoshaji mdogo kuliko amplifaya nyingi za kifahari. Kuna Mmarekani, Richard Clark, aliyeweka dola 10,000 kwa yeyote atakayetofautisha amplifaya mbili kwa masikio tu, sauti zikiwa zimesawazishwa. Hakuna aliyezichukua. Tena ngoma zenyewe tunazopiga ni za kaban zilizorekodiwa kwenye kanda, ile "shhh" ya kanda ni kubwa kuliko kosa lolote la amplifaya. Manake utamu anaousikia Abti uko kwenye spika zake kubwa za mbao. Hizo zisiguswe.

Ila binamu yangu asisherehekee mapema. Kile kiboksi chake kimeandikwa "500W" na kinatumia volti 12 moja kwa moja. Ndugu yangu, volti 12 kwenye spika ya ohm 4 zinakupa kama wati 18 safi kwa kila upande, basi. Ukizidisha, ni kelele ya kukwaruza na spika kuungua. Ukitaka nguvu ya harusi, tafuta inayokubali volti nyingi zaidi na uipe hizo volti.

Kinachonisumbua zaidi ni ukarabati. Amplifaya ya Abti ikifa, fundi anaifungua, anatoa zile transista mbili mbili, 2SC5200 na 2SA1943, anachomelea nyingine, kesho inapiga. Shida ni feki tu, na feki ni nyingi. Kiboksi cha klasi D kikifa, ni chipu yenye miguu midogo kama ya sisimizi, na bila mashine ya hewa moto fundi wetu anakurudishia tu. Luthuli Avenue haiko karibu na Daua. Kwa hivyo pesa ikitoka, inunue bodi mbili zinazofanana, moja ikae kwenye sanduku. Hata zikiwa mbili, Abti, bado ni nyepesi kuliko hiyo yako.

Uamuzi wangu: klasi D iende bulla, spika zibaki zile zile, na sanduku jeusi libaki mjini hadi litakapochoka lenyewe.

Abti hajakubali. Nimempa wazo: tufunike zote mbili kwa shuka, sauti sawa, atuambie ipi ni ipi. Amesema sawa, lakini kanda atachagua yeye, na shuka atafunga yeye.