Usiilazimishe pumzi yako

Umetoka kazini, umevumilia msongamano wa magari, na sasa umeketi kutafakari kwa kufuata pumzi kama ulivyoshauriwa. Dakika tano hazijapita, kifua kimebana, mabega yamepanda na taya zimekazana. Wengi huacha hapo wakidhani jambo hili haliwafai.

Kwa maoni yangu, hawajaitazama pumzi, wanaiendesha. Ukivuta hewa kupita mahitaji ya mwili, kabonidayoksaidi hupungua katika damu, ndipo kizunguzungu na ganzi ya vidole huja. Misuli ya shingo nayo hulazimika kusaidia kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kazi ambayo kingeifanya chenyewe.

Usipigane na mkazo huo. Toa pumzi polepole, uiache inayofuata ije yenyewe, iwe ndefu au fupi. Kaza ngumi kwa sekunde tano, kisha uachilie. Daktari Mmarekani Edmund Jacobson alifundisha mbinu ya namna hiyo tangu miaka ya 1920. Bado unabanwa? Fumbua macho, utembee kidogo. Hakuna anayekupa alama.

Lakini maumivu ya kifua yanayoenea hadi mkononi au tayani si ya kutafakari. Hayo wahi nayo hospitalini.