WAKILI WA KWELI NI YUPI?

Ndugu wafanya kazi,

Tumenyamaza siku nyingi juu ya jambo hili, na kunyamaza kwetu kumewashibisha wengine. Leo twasema.

Sisi wa karakana ya reli twajua ni nani hutengeneza kinachoharibika. Mashine ikikwama, mkubwa huita fundi. Fundi hukuna kichwa, hukata chuma, huchonga, na kazi huendelea. Pengine chombo alichofanya hakijapata kuonekana mahali po pote duniani. Na malipo yake? Huambiwa, "Vizuri, rudi kazini."

Mwenzetu mmoja alibuni chombo cha kufungulia nati zilizoshikwa na kutu. Kazi ya watu watatu ikafanywa na mmoja. Akaja bwana mwenye tai na mkoba, akajiita wakili wa wavumbuzi. Akachukua michoro, akachukua mshahara wa miezi miwili, akatoa karatasi ya Kiingereza cha mahakama. Mwenzetu akaona haya kuuliza, akatia sahihi. Kumbe ametoa chombo chenyewe! Esau aliuza haki yake kwa chakula cha dengu, lakini angalau Esau alikula.

Jambo hili si geni. Elijah McCoy alizaliwa Canada, mtoto wa watu waliotoroka utumwa Marekani. Alisomea uhandisi Scotland, lakini reli ya Michigan ilimpa kazi ya kutia makaa tu. Mwaka 1872 alipata hataza, yaani hati ya serikali ya kumkinga mvumbuzi, kwa chombo chake cha kutia mafuta katika injini za mvuke. Alipata hataza zaidi ya 50, lakini kwa kukosa fedha aliuza nyingi kwa wenye mali. Kampuni yenye jina lake ilianza mwaka 1920, naye amekwisha kuwa mzee wa miaka zaidi ya 70.

Wako watakaosema: "Uvumbuzi wa mfanya kazi ni wa mwajiri, ndiyo sheria." Ndugu, huo ni nusu ya ukweli. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 yasema hivi: ukiwa umeajiriwa ili ubuni, hataza ni ya mwajiri, isipokuwa mkataba wasema vingine. Kama hukuajiriwa kubuni, lakini umetumia vyombo vyake, hataza ni yake, nawe una haki ya malipo ya halali, yakipimwa kwa mshahara wako na faida aliyopata. Msipopatana, liko Baraza la kuamua. Na ulichobuni kando ya kazi yako, bila vyombo vyake, ni chako. Ni nani aliyetusomea maneno hayo? Hakuna!

Basi wakili wa kweli twamjuaje?

Kwanza, jina lake limeandikwa: wakili katika orodha ya mawakili, na ajenti wa hataza katika orodha ya KIPI, ofisi ya serikali huko Nairobi. Nenda ukaulize. Hata mwenyewe waweza kupeleka maombi yako huko, kwa kuwa mkaaji wa Kenya halazimishwi kuwa na ajenti.

Pili, hamtumikii mwajiri wako. Mtu mmoja hawezi kuwatumikia mabwana wawili.

Tatu, huandika ada ya serikali mbali na ada yake, na hutoa risiti.

Nne, hakuahidi "hataza ya dunia nzima". Haiko. Hataza ya Kenya ni ya Kenya, nayo hudumu miaka 20 tangu siku ya maombi, mradi ada zilipwe.

Tano, hukuambia ukweli hata ukiwa mchungu: kwamba chombo chako si kipya, au kwamba yakufaa ile hati ndogo ya miaka 10. Anayesifu kila kitu anasifu mfuko wako.

Tena tujilaumu na sisi. Twaonyesha michoro yetu hotelini kabla ya kupeleka maombi. Hatuandiki tarehe. Twatia sahihi tusichokisoma. Mwizi hakuvunja mlango, tulimfungulia.

Hata hivyo fundi mmoja hawezi kumlipa wakili peke yake. Twalipa michango kila mwezi. Kwa hiyo twataka Chama kimwajiri wakili mmoja mwaminifu, asome karatasi ya kila mwanachama kabla ya sahihi. Twataka pia mkataba wetu ujao na mwajiri utaje malipo ya uvumbuzi kwa maneno yaliyo wazi. Viongozi wakisema fedha hazitoshi, tutawauliza zilitosha nini.

Mikono yetu imekodishwa kwa saa. Akili zetu hazikuandikwa katika kadi ya saa. Leteni jambo hili kwenye mkutano wa tawi, na msikubali liahirishwe.

Sisi wenzenu wa karakana.