Mbuzi Ishushwe Ukutani

Katika nyumba zetu nyingi za hapa Maskati pameingia mtindo mmoja. Ukikaribishwa sebuleni utaona mbuzi ya kukunia nazi imetundikwa ukutani, imepigwa vanishi hata inang'aa, na pembeni yake kifumbu na upawa. Wageni husifu. Lakini ukipita jikoni, nazi hakuna. Lipo kopo la tui na mashine ya umeme. Rai yangu ni kwamba mbuzi ishushwe, irudi kazini.

Wala mimi si adui wa umeme, na sioni sifa yoyote katika kuchoka bure. Mchele wa mkate wa kumimina ukisagwa kwa mashine hulainika vizuri, tena kwa dakika chache. Sufuria ya presha imewapumzisha kina mama na maharage ya saa mbili tatu. Kinu na mchi, kwa maoni yangu, vyaweza kustaafu kama nilivyostaafu mimi, hasa kwetu sisi tunaokaa ghorofani na tuna majirani chini yetu. Chombo na kipimwe kwa kazi yake. Kwa kipimo hicho hicho, mbuzi bado haijapata mshindani.

Mwenye mashine hana budi kuibandua nazi kifuuni kwa kisu, kazi ambayo imekwisha wakata watu wengi viganja, kisha alimenye lile ganda la ndani la kahawia, la sivyo tui hubadilika rangi. Akisha saga hupata rojo lenye chengachenga zinazopenya kwenye chujio. Mwenye mbuzi hukaa, akashika kifuu kwa mikono miwili, akaanzia ukingoni huku akikizungusha, na akiona ukahawia unatokeza huacha. Ganda hubaki kifuuni lenyewe. Kisha ni maji kidogo ya vuguvugu, kifumbu, na tui zito. Akikamua mara ya pili na ya tatu hupata tui jepesi. Kunde na mihogo huivia katika tui jepesi, na lile zito huingia mwisho, mtu akikoroga lisikatike. Kopo halina habari ya kwanza wala ya pili. Tui lake ni moja tu, na makopo mengi yametiwa vitu vya kulizuia lisijitenge.

Wapo watakaotoa udhuru kwamba nazi ni shida kupatikana. Walioko Ulaya pengine wasikilizwe. Hapa Oman udhuru huo ni dhaifu. Nazi za India zimo madukani, na huko Salalah, yapata kilomita 1,000 kutoka hapa, ambako manyunyu ya kharifu hushuka kati ya Juni na Septemba, minazi imesimama kando ya njia kama Unguja.

Linaloniuma zaidi, kwa kuwa nimekuwa mwalimu, ni maneno. Nilimwuliza kijana wa miaka 19, mzaliwa wa hapa, tofauti ya dafu na koroma. Akanijibu kuwa yote ni nazi. Kifuo hakijui, makumbi hayajui, chicha ameisikia tu kwa bibi yake. Hana kosa, nani angemfundisha, na kwa nazi ipi? Maneno kama haya hayashiki kwa kuandikwa ubaoni, na ubaoni nimeandika miaka mingi. Hushika mkono ukiwa unafanya kazi. Familia zetu nyingi ziliondoka Visiwani baada ya 1964, na nyingi zikaingia Oman baada ya 1970. Kiswahili kilichokuja nazo kimedumu jikoni kuliko sebuleni. Wala isiwe kazi ya wasichana peke yao. Sisi wavulana tulikuna nazi tukitoka chuoni, ndipo tukapewa ruhusa ya kwenda kwenye mpira, na hakuna aliyepungukiwa uanaume.

Anayetaka kununua mbuzi na ajihadhari na zile za watalii, zenye nakshi nzuri na ulimi wa bati. Ulimi uwe wa chuma kizito, meno yaume kwenye ncha ya kidole, na kiti kisiyumbe. Ukimaliza ioshe, ikaushe, uupake ulimi mafuta ya nazi kidogo, maana hewa ya bahari hapa hula chuma. Kisha ikunje, watoto wasije wakajikata miguu. Wazee wenzangu wenye magoti mabovu wasijitese. Ipo ile ya kubana mezani, yenye mkono wa kuzungusha, hupatikana katika maduka ya Wahindi, nayo kwangu mimi ni mbuzi halali.

Mwenye mbuzi ukutani ambayo meno yake yamekuwa butu aniletee nyumbani. Tupa ninayo, vanishi tutaikwangua, na kazi yenyewe haichukui hata saa moja.