Mkondo wa Sanaa umefunguliwa, lakini mwalimu wa kuchora atatoka wapi?

Ukipanda nganya ya Rongai au Umoja leo jioni, hebu itazame vizuri kabla kondakta hajaanza kudai nauli. Kuna sura ya mwanamuziki iliyochorwa ubavuni, herufi zilizojikunja juu ya kioo, rangi zinazong'aa taa zikiwaka. Hiyo ni kazi ya kijana wa rika lako, na huenda hakuna mwalimu hata mmoja aliyemfundisha kuchora. Alijifunzia gereji kwa kumtazama mwenzake, au kwa video za YouTube usiku, bando ikiwa karibu kuisha.

Shuleni je? Kama alisoma 8-4-4 miaka hii ya karibuni, kuchora kulikuwa kosa. Ukipatikana ukichora nyuma ya daftari la Hisabati, ulitumwa nyumbani kuleta mzazi.

Sasa serikali imegeuza kibao. Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 na kukuta mikondo mitatu: STEM, Sayansi za Jamii, halafu Sanaa na Michezo. Ndani ya huo wa tatu kuna somo la sanaa, yaani kuchora, kupaka rangi, kuchonga, kufinyanga na mengine ya aina hiyo. Mtoto anaambiwa kipaji chake kinaweza kumpa cheti. Safi sana. Lakini nani atamfundisha?

Hesabu ya miaka

Chukua kalamu tufanye hesabu. Darasa hilo la kwanza litamaliza Gredi ya 12 mwaka wa 2028. Atakayetaka kuwa mwalimu wa sanaa ataingia chuo kikuu 2029 hivi. Hata akisoma miaka mitatu pekee, kama muundo wa 2-6-3-3-3 unavyosema, hatamaliza kabla ya 2031. Kufikia hapo, madarasa sita yatakuwa yameingia Gredi ya 10, kuanzia lile la 2026 hadi la 2031.

Maana yake ni kwamba kati ya sasa na 2031, walimu wa sanaa lazima watoke katika kizazi cha 8-4-4. Ni wewe uliyemaliza Kidato cha Nne juzi, dadako aliye chuoni, na darasa la mwisho litakalofanya KCSE mwaka wa 2027.

Tatizo ni kwamba kizazi hicho ndicho kilichonyimwa somo lenyewe. 8-4-4 ilipoanza mwaka wa 1985, sanaa na kazi za mikono zilifundishwa katika shule za msingi na kutahiniwa katika KCPE. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, masomo ya mtihani yalipopunguzwa hadi matano, sanaa ikatemwa. Na unajua mambo yetu: kisichotahiniwa hakifundishwi. Ratiba ilisema "Sanaa", mwalimu akaingia na kitabu cha Hisabati. Sekondari somo lilibaki, lakini katika shule chache, hasa zile kubwa zenye karakana na uwezo wa kununua vifaa.

Mtego wa masomo mawili

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Tume ya Huduma za Walimu (TSC) haisajili mwalimu wa sekondari kwa sababu ana kipaji. Kanuni ya kawaida kwa mwenye digrii ni wastani wa C+ katika KCSE, pamoja na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Ukitaka kufundisha Sanaa, unahitaji alama ya Sanaa na ya somo jingine la kuandamana nayo, kwa mfano Kiswahili au Historia.

Sasa tuseme ulisoma shule ya kutwa huko Kayole. Unachora sura ya mtu mpaka mamake anashtuka. KCSE ulipata B. Lakini shule yenu haikuwa na somo la Sanaa, kwa hivyo huna alama yake. Unaweza kusoma digrii ya sanaa, uhitimu vizuri, hata ufanye maonyesho mjini. Kisha unaamua kufanya stashahada ya uzamili ya ualimu, ile PGDE, ili usajiliwe. Ukifika mezani unaulizwa: masomo yako mawili ya KCSE yako wapi?

Umeona vile mambo yanazunguka? Shule haikutoa somo kwa sababu haikuwa na mwalimu. Mwanafunzi hakulisoma, kwa hivyo hawezi kulifundisha. Naye asipokuwa mwalimu, shule inaendelea kukosa. Mkuu wa shule akiulizwa anaweza kutoa mikondo gani, anaandika STEM na Sayansi za Jamii, basi. Ndiyo maana shule nyingi za Sekondari Pevu zina mikondo miwili tu.

Na usidhani shida inaanza Gredi ya 10. Masomo ya JSS yalipopunguzwa hadi tisa mwaka wa 2024, kuchora, muziki, uigizaji na michezo viliunganishwa kuwa somo moja. Mwalimu yule yule anatarajiwa kufundisha jinsi ya kutia kivuli kwenye picha Jumatatu, noti za muziki Jumatano na voliboli Ijumaa. Wengi waliokabidhiwa somo hilo walisomea kitu kingine kabisa, na baadhi yao walianza kama wanagenzi kwa Sh20,000 kwa mwezi. Kuwalaumu hao ni kuwaonea.

Kujua kuchora ni nusu ya kazi

Kuna wanaosema, "Si mchukue tu wasanii wa mtaani wafundishe?" Wazo hilo si baya, lakini halitoshi.

Anayesomea ualimu wa sanaa, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, hupitia uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, uchapaji na usanifu wa vitambaa, pamoja na historia ya sanaa. Juu ya hayo kuna saikolojia ya elimu, mbinu za kufundisha na lile somo lake la pili. Kisha anapelekwa shuleni kufanya mazoezi ya kufundisha, msimamizi akiwa ameketi nyuma ya darasa anaandika.

Hapo ndipo utajua hujui. Una dakika 40 na wanafunzi 50. Kugawa karatasi kumekula dakika tano, kuosha brashi kutakula kumi. Mmoja anachora kukushinda, mwingine ameshaamua hawezi na hataki hata kushika penseli. Utawapa alama gani? Ukimsifu yule mwenye kipaji peke yake, wengine 49 wataondoka wakijua sanaa si yao. Kupima safari ya mwanafunzi, alikoanzia na alikofika, ni ujuzi unaosomewa kama ujuzi mwingine wowote.

Halafu kuna vifaa. Wazazi wamelalamika vya kutosha kuhusu gharama za mtaala huu. Mwalimu aliyeiva haanzi kwa kuandikia mzazi orodha ya rangi za dukani. Anajua kutumia mkaa, udongo wa mtoni, makonge na katoni kuukuu.

Mfano mzuri tunao hapa nyumbani. Rosemary Karuga, anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere, alihitimu mwanzoni mwa miaka ya 1950 kisha akafundisha shule kwa miaka mingi. Alirudia sanaa yake kwa dhati akiwa mtu mzima. Rangi zilikuwa ghali, basi akakata pakiti za sabuni ya Rexona na mafuta ya Cowboy, akazibandika hadi zikawa picha za watu na wanyama. Kazi zake zilionyeshwa mpaka New York. Alifariki 2021. Pakiti ya Cowboy peke yake inaweza kuwa kipindi kizima cha Gredi ya 10, ila anahitajika mtu anayejua kukifundisha.

Nini kifanywe?

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Kwanza, TSC na Wizara ya Elimu zitangaze wazi ni walimu wangapi wa sanaa wanaohitajika katika kila kaunti. Hakuna mzazi atakayekubali mtoto aache kozi ya uuguzi akasomee ualimu wa sanaa kwa matumaini matupu.

Pili, wenye digrii za sanaa wafunguliwe mlango. Aliyesoma shule isiyokuwa na somo hilo aruhusiwe kuonyesha kazi zake na kufanya mtihani wa vitendo badala ya kudaiwa alama ambayo hangeweza kuipata. Baada ya hapo asomee ualimu ipasavyo kama wengine.

Tatu, shule jirani zigawane mwalimu mmoja wakati wengine wakiandaliwa, na walio kazini wanolewe. Walimu wa Hisabati na Sayansi wana CEMASTEA pale Karen. Wa sanaa nao wanastahili kituo kama hicho.

Najua utaambiwa pesa hazipo na kwamba STEM ndiyo yenye kazi. Kuhusu pesa, kweli hali ni ngumu. Lakini ni serikali yenyewe iliyomwahidi mtoto mkondo huu. Akiuchagua kisha akose mwalimu, atasukumwa kwenye Fizikia asiyoitaka, na akianguka ataitwa mzembe.

Na wewe unayeitamani kazi hii, usijitose tu. Kabla ya kulipa karo, uliza chuo kama kozi hiyo inatambuliwa na TSC na inaandamana na somo gani la pili. Omba jibu kwa maandishi. Kama uko Kidato cha Tatu au cha Nne na unasoma Sanaa, ikazanie, kwa sababu C+ hiyo inaweza kukufaa kuliko unavyodhani. Kama huna alama yake, jua mapema kwamba njia ya kuajiriwa na TSC itakuwa na milima, na uulize shule za kibinafsi na vituo vya sanaa vinataka nini. Hata kufundisha watoto wa mtaani kwenu Jumamosi kutakuonyesha kama una moyo wa kazi hii.

Kesho asubuhi utapanda tena ile nganya. Mdogo wako wa Gredi ya 10 atakuwa ameketi karibu nawe na sare yake, akielekea shule inayosema haina mwalimu wa sanaa. Na aliyeichora gari hilo yuko gereji, akiambiwa hana vyeti vya kufundisha.