Anayepiga simu kwa jina la wahanga, kwanza ajitaje

Ndugu zangu wa Goma, na ninyi mlioko Bukavu, Kampala, Nairobi na Brussels ambao mji huu bado mnauita nyumbani, nina ombi. Mtu akiwapigia simu kuomba mchango wa wahanga, msimkatie. Lakini msitume hata franka moja kabla hajajieleza.

Sisi ni watu wa kutoa. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye ikatoka amri ya kuhama, wengi waliokimbilia Sake walilazwa na familia zisizowajua. Vita vilipowasukuma watu wa Masisi na Rutshuru hadi Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, bugali na sombe vilitoka katika nyumba ambazo zenyewe hazikushiba. Ukarimu huo ndio ninaoutetea hapa. Mtu aliyeibiwa sadaka yake mara moja hufunga mkono, na atakayelala njaa ni mhanga wa kweli.

Simu sasa ndiyo mfuko wetu. M-Pesa iliingia Kongo mwaka 2012, na mwisho wa Januari 2025, M23 ilipouteka mji na mabanki yakafunga milango, makuta ya wengi yalibaki kupita kwenye simu tu. Sheria yetu ya mashirika yasiyo ya faida, namba 004/2001, ni ya tarehe 20 Julai 2001, miaka mingi kabla ya hapo. Inadai shirika lipate utu wa kisheria kutoka kwa Waziri wa Sheria. Hilo ni jema, ila mtu aliyeshika simu jioni haoni karatasi; anasikia sauti tu.

Wamarekani walikutana na jambo hili baada ya mashambulio ya Septemba 2001, huruma ilipojaa na wapiga simu wa uongo wakahofiwa. Bunge lao lilipanua sheria ya udanganyifu wa mauzo kwa simu iguse pia michango ya hisani, na kanuni za 2003 zikawalazimisha wanaolipwa kupiga simu wataje mara moja jina la shirika na kwamba wanaomba mchango. Sisi hatuna haja ya kusubiri bunge ili tuulize hayo.

Muulize jina lake na la shirika, ofisi iko avenyu gani, na nani anaiongoza. Muulize kama anajitolea au analipwa, na katika kila franka elfu kumi ni ngapi zitamfikia mhanga. Swali hili wengi wetu tunaliona aibu. Si aibu. Usafiri wa mizigo una gharama, na shirika safi litakutajia gharama hizo bila kukunja uso. Kisha uliza namba ya kupokea imeandikishwa kwa jina la nani. Makuta yakiingia kwenye namba ya mtu binafsi, shirika halina la kuonyesha. Akikuharakisha, au akitaka namba yako ya siri, kata simu.

Najua kuhakiki karatasi ya Kinshasa ukiwa Goma si kazi nyepesi siku hizi. Kwa hiyo tutumie mashahidi tulio nao: padri, mchungaji, imamu, shefu wa avenyu, mama anayeongoza likelemba. Anayesaidia watu Mugunga kweli atakuwa anajulikana na mtu wa Mugunga.

Tafadhali, maswali haya msimwulize dada yenu aliyekimbia na watoto, anayepiga simu kuomba chakula cha leo. Huyo anajiombea mwenyewe. Msikilizeni kama ndugu.

Na ninyi viongozi wa mashirika, msingoje kuulizwa. Waandikieni wapiga simu wenu maneno ya kuanzia, wayaseme kabla ya kusimulia mateso ya mtu yeyote. Baada ya ugawaji, watumieni waliochanga ujumbe mfupi: kilichoingia, kilichonunuliwa, mahali kilipogawiwa. Maredio na makanisa yetu yanaweza kusoma hesabu hizo pamoja na matangazo ya kila juma.

Mpiga simu akijibu yote vizuri, mtumie ulichojaliwa, uongeze na ada ya kutoa, ili atakayekwenda kwa wakala apate mchango wako kamili.